Mwanangu, Kipunji Wako Bado Hajakauka

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua ambayo haitaki kukatika. Umeniuliza kwa nini yule kipunji wa udongo, sanamu ya kima wa misitu yetu, aliyeagizwa na mteja wako wa Dodoma anachukua wiki tatu, ilhali bibi yako kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, alifinyanga vyungu kadhaa kwa siku moja na kuvisafirisha kwa mtumbwi hadi Matema. Ukaongeza, kwa upole wako, kwamba pengine mama anazeeka. Nazeeka kweli, lakini sababu si hiyo.

Chungu kina unene unaokaribiana kila mahali na mdomo ulio wazi, kwa hiyo hukauka kwa usawa. Mnyama sivyo. Masikio na mkia hukauka jioni ileile, mapaja yakiwa bado mabichi, na kwa kuwa udongo husinyaa unapopoteza maji, sehemu iliyotangulia huvutana na iliyochelewa hadi panapoungana pakapasuka. Ndiyo maana namfunika kichwa kwa kitambaa chenye unyevu na kumwacha tumbo wazi, jambo ambalo baba yako huliita kumvika mtoto kofia na kumnyima suruali.

Kabla ya hapo, udongo ukishashika kiasi, humkata vipande viwili kwa uzi, nikamkomba ndani kwa kijiko hadi ukuta ubaki unene wa kidole changu cha mwisho, kisha nikachanja kingo, nikazipaka uji wa udongo na kumuunganisha tena. Chini humwachia tundu. Tundu hilo nilijifunza kwa aibu: nikiwa msichana nilifinyanga tembo asiye na uwazi wowote ndani, nikamsogeza motoni katikati ya vyungu vya bibi yako, tena kabla hajakauka vizuri. Maji yaliyokuwa tumboni yakageuka mvuke, mvuke ukakosa njia, na tembo akapasuka kwa kishindo akiondoka na vyungu sita. Bibi yako hakunigombeza. Aliokota vigae, akaniletea kinu, akaniamuru nivitwange na kuvichanganya na udongo mpya, kwa kuwa kigae kilichokwisha kupita motoni hakisinyai tena na huufungulia udongo njia ya kutolea maji. Nilitwanga siku mbili.

Na kipunji ana kazi yake ya ziada. Wataalamu walimtambua mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake peke yake katika uainishaji wa wanyama, ingawa wawindaji wa hapa walikwisha kumtaja kabla yao. Kinachomtambulisha ni manyoya ya utosini yaliyosimama kama kishungi, pamoja na yale marefu ya mashavuni. Huyachora kwa kipande cha kitana, unywele baada ya unywele, na mkono ukitetemeka mara moja tu anageuka nyani wa kawaida. Rangi simpaki, wekundu wa udongo na mabaka meusi ya moshi yanamtosha.

Leo asubuhi nimemgusisha shavuni mwangu, naye bado ni wa baridi, maana yake maji yamo. Mwambie mteja wako asubiri wiki nyingine, na fedha ya kutanguliza asiitume hadi nimtoe motoni akiwa mzima.

Mama yako