Kozi yangu ilirudishwa mara mbili na kamati ya mitaala, soma hapa kabla hujapeleka yako

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa mhadhiri mmoja kijana, ananiambia "Dokta, kozi yangu imerudishwa na kamati ya kitivo, wameandika 'irekebishwe' basi, naona hawa watu hawanitaki." Nikaisoma mara tatu ile meseji, maana maneno hayo ya mwisho niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa hasira, tena zaidi ya mara moja. Na wiki hiyohiyo kozi yangu ndo ilikuwa imepita, kwa jaribio la tatu, miaka miwili na ushee tangu nijaze fomu ya kwanza. Kwa hiyo nimeona nimjibu hapahapa ili na wengine wasome, najua tuko wengi tunaotaka kuanzisha kitu kipya kwenye idara zetu na tunakwama palepale.

Kozi yenyewe ni ya takwimu kwa wanafunzi wa sayansi ya jamii. Nilikuwa nimechoka kusimamia tasnifu ambazo mwanafunzi amekusanya dodoso mia tatu halafu hajui azifanyie nini. Nikakaa nikaandika silabasi ya kurasa 31, wiki kwa wiki, na orodha ndefu ya vitabu, nikaijua kozi ile ndani nje. Idara yangu ikapitisha bila neno, nikajua kazi imeisha. Kumbe idara ni mlango wa kwanza tu, baada ya hapo kuna kamati ya kitivo, halafu kamati ya chuo, halafu seneti, yaani chombo cha juu cha taaluma chuoni, na kila mlango una swali lake.

Siku ya kikao niliingia na slaidi 22. Sikufika hata ya tatu. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Mmeongea na idara ya takwimu?" Nikasema hapana, ila kozi yetu ni tofauti na zao. Akauliza, "Tofauti kwa wapi, na wao wanajua hivyo?" Sikuwa na jibu. Mjumbe mmoja akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba hii si kozi, hii ni mhadhara mrefu wa mtu mmoja. Wakaandika irudi idarani, wakaenda ajenda inayofuata, na mimi bado nimesimama na rimoti ya projekta mkononi. Sijasahau ile sentensi mpaka leo na sioni sababu ya kujifanya nimeisahau. Mtu amefundisha miaka 12, unamwambiaje hivyo mbele za watu?

Miezi iliyofuata nairuka, sikufanya chochote cha maana zaidi ya kununa.

Mara ya pili nilikuja na barua ya idara ya takwimu, fupi, inasema hawana pingamizi. Nikadhani basi. Safari hii faili lilirudi na alama za penseli za katibu wa kamati, na hizo ndo zilinifungua macho. Kwenye matokeo ya ujifunzaji, yaani yale mwanafunzi anayotakiwa kuyaweza akimaliza kozi, nilikuwa na mistari minane, saba kati ya hiyo ilianza na "mwanafunzi ataelewa". Kila "ataelewa" imezungushiwa duara dogo, na pembeni kaandika, "Utajuaje?" Neno moja tu. Nikakaa na ule ukurasa kwa muda mrefu. Kweli, nitajuaje? Kuelewa hakupimiki kwa mtihani, unapima mtu anachoweza kufanya, achague sampuli, akokotoe, afasiri jedwali, atetee hitimisho lake. Wengi tumesikia habari za ngazi za Bloom, zile zinazopanga malengo ya kujifunza kuanzia kukumbuka tu mpaka fikra za juu, tangu mafunzo ya ualimu, zimechapishwa tangu 1956 na zikarekebishwa 2001, na kwenye yale marekebisho ngazi zote zikaandikwa kwa vitenzi badala ya nomino, lakini tunazikumbuka za kufundishia wengine, fomu yetu wenyewe tunaijaza kwa mazoea. Nilipobadilisha vitenzi nikagundua mitihani niliyopanga inapima matokeo matatu tu kati ya manane. Yaani matano yote nilikuwa nayaahidi kwenye karatasi na siyapimi popote!

Halafu likaja suala la masaa. Hapa naomba uwe makini maana ndipo faili nyingi zinaporudi. Krediti si namba ya kupamba fomu, ni ahadi ya muda wa mwanafunzi. Kwa ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti 1 ni kazi ya masaa 25 mpaka 30, kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni masaa 150 hadi 180, na humo yamo yote, darasani, kusoma, mazoezi mpaka kujiandaa na mtihani. Kwa wenzetu wa Marekani krediti 1 huhesabiwa saa moja ya darasani na mawili ya kazi nje ya darasa kila wiki, kwa wiki kama 15 za semista. Chuo chako kina hesabu yake, itafute. Mimi nilipopiga hesabu ya kila nilichompangia mwanafunzi, kwa kozi ambayo ilitakiwa iwe masaa 150, nikapata 236. Na ana kozi nyingine nne muhula huohuo. Nilikata sura mbili ambazo nilizipenda sana, roho iliniuma, lakini nilikata.

Katikati ya hayo yote idara ikaniteua mimi niwe mwakilishi wake kwenye kamati hiyohiyo. Sikutaka kwenda. Sasa nashukuru, maana nilikaa upande wa pili wa meza nikaona. Kikao kimoja tulikuwa na faili 14. Mabadiliko madogo, kurekebisha jina la kozi au kunyoosha maelezo mafupi, yanapitishwa kwa mkupuo bila mjadala, isipokuwa mjumbe aombe moja litolewe lijadiliwe. Muda wote unaenda kwa yale mazito, kozi mpya, kufuta kozi, kubadili krediti, kubadili kozi tangulizi, ile ambayo mwanafunzi lazima aimalize kabla ya kuchukua nyingine. Na hilo la kozi tangulizi nililiona kwa macho yangu. Idara moja ilileta ombi la kuhamisha kozi yao ya mwaka wa pili iende mwaka wa tatu, sababu zao nzuri kabisa, mhadhiri, maabara, ratiba. Mama mmoja, mjumbe mkongwe, akafungua kitabu cha mitaala, chenye kozi zote za chuo na masharti yake, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema kozi hii ni sharti la kozi ya programu nyingine, ambayo nayo ni sharti la mradi wa mwisho, tukiihamisha hawa watoto wanachelewa kuhitimu mwaka mzima. Kimya. Hakuna aliyeleta lile ombi aliyekuwa na nia mbaya, hawakujua tu kwamba kuna programu nyingine imeegemea kozi yao. Pale ndo nikaelewa kwa nini mwenyekiti aliniuliza "wao wanajua?" Hakuwa anapima usomi wangu, alikuwa anauliza ni nani ataguswa.

Kwa hiyo mara ya tatu sikuanza na silabasi, nilianza na miguu. Nilienda idara ya takwimu mwenyewe, safari hii si kuomba barua, nikakaa na mwenye kozi inayofanana na yangu, tukaweka silabasi mbili mezani tukapitia wiki kwa wiki. Zilikuwa zinagongana wiki nne. Nadharia ya uwezekano ikabaki kwake, mimi nikabaki na dodoso, sampuli, uzani wa data na majibu yaliyokosekana. Tukaandika ukurasa mmoja, tukasaini wote wawili. Nikaenda maktaba kuuliza vitabu vyangu vingapi vipo kweli. Nikaenda kwa anayepanga ratiba nikamuuliza kama kompyuta za maabara zinatosha, akaniambia mwisho watu 40, nikaandika 40.

Siku ya kikao, kwa kuwa ni mjumbe na faili ni langu, nilitoka nje wakati linajadiliwa, ndo utaratibu na ni haki. Nikasimama kwenye korido. Nilisikia sauti ya yule mwenzangu wa takwimu, alikuwa amealikwa, anaeleza kozi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Hazikufika dakika kumi nikaitwa ndani.

Jamani wahadhiri wenzangu, tuache kiburi. Tunaandika kozi kama tunaandika wasifu wetu, tunataka kamati ituone tumesoma, wakati mwanafunzi atakayekaa humo wiki 15 hatujamfikiria. Nenda kaongee na watu kabla ya fomu. Nasema tena, kaongee nao uso kwa uso, barua ya "hatuna pingamizi" haina kitu ndani yake. Na nyie mnaokaa kwenye hizo kamati, mkirudisha faili andikeni sababu. "Irekebishwe" si sababu, na kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake hakuboreshi mtaala wowote.

Wewe mdogo wangu uliyeniandikia, nenda kwa katibu wa kamati, si kwa mwenyekiti, muombe mihtasari ya kikao sehemu inayohusu kozi yako, hapo utaona ni nani aliuliza nini. Muulize pia tarehe ya mwisho ya kupokea mafaili ya kikao kijacho, maana ikikupita hiyo na kitabu cha mitaala kikafungwa unasubiri mwaka mwingine. Halafu nitumie ule ukurasa wa matokeo ya ujifunzaji, huo tu, nitausoma wikiendi hii.