Giaboksi ikigoma kukaa, usiivute kwa bolti

Ndugu yangu, umesema Datsun 1600 ya marehemu baba yako ilikuwa automatiki, injini yake ya L16 imefunguliwa na kufungwa upya yote, na sasa unaiwekea giaboksi ya mkono. Imeingia vizuri kisha ikasimama, imebakisha nafasi ya kidole, na fundi anataka kuivuta kwa bolti hadi ifike. Tafadhali mzuie.

Yangu ilivunjika hivyo hivyo. Tulikuwa gereji moja Industrial Area, Nairobi, jioni, wingu limetanda, kila mtu anawazia matatu ya kwenda nyumbani. Bolti mbili za juu zikakazwa kwa zamu, nafasi ikapungua, tukafurahi. Halafu tukasikia mlio mkavu: sikio la giaboksi, pale bolti inapopita, limepasuka. Ni aluminiamu ile, haivumilii. Kupata nyingine kulinichukua wiki tatu za kuzunguka Kirinyaga Road na kwa wauza vyuma wa Kariobangi. Gari la aina hiyo ndilo alilotumia Edgar Herrmann kushinda Safari Rally ya 1970; vipuri vyake havizaliwi tena.

Giaboksi haiingizwi na bolti. Shafti yake ya mbele ikilenga, inateleza yenyewe mpaka uso wake ukutane na bloku. Bolti kazi yake ni kuishikilia. Ikigoma, kuna kitu kimeizuia. Kwa gari lililokuwa automatiki, mimi ningeanza na tundu lililo nyuma ya krankshafti, ile shafti kuu ya injini. Gia ya mkono hutaka kibushi cha shaba humo, ncha ya shafti ikae ndani yake. Automatiki ina bushi yake tofauti, ya kupokea kitovu cha konvata, chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya automatiki. Fundi wa injini huisafisha, huipaka oili na kuiacha palepale, maana inafanana kabisa na sehemu ya krankshafti. Yangu ilikuwa hiyo, na watu wanne tuliitazama bila kuiona.

Kuitoa hakuhitaji mashine. Jaza tundu grisi, tafuta chuma cha mviringo kinachoingia bila kucheza, kigonge kwa nyundo. Grisi haina pa kutokea, kwa hiyo inasukuma bushi kutoka nyuma. Ongeza, gonga tena, itatoka. Mzee aliyenionyesha alitumia mkate ulioloweshwa maji, na naupenda zaidi kwa sababu ni rahisi kusafisha. Ukishaweka kibushi kipya, chukua shafti ya giaboksi kuukuu uijaribu kwa mkono kabla ya kufunga chochote.

Kama tundu halina bushi ya automatiki, basi huenda klachi pleti haijakaa katikati. Legeza presha pleti inayoibana, pitisha hiyo hiyo shafti kuukuu, kisha kaza kwa kupishana, kila bolti kidogo kidogo. Hakikisha pia pleti haijageuzwa: kwa kawaida upande wenye kitovu kilichochomoza hutazama giaboksi.

Flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, lazima iwe ya gia ya mkono, pamoja na bolti zake. Za automatiki ni fupi, zilishika bati jembamba tu; usithubutu kuzirudisha.

Jambo linalowatesa wenye Datsun kuliko yote ni kola ya beringi ya klachi, kipande kinachobeba beringi inayosukuma presha pleti. Kola na presha pleti zinaendana kwa urefu. Ukichanganya za magari mawili, kila kitu kitafungika vizuri, kisha klachi ikatae kuachia au iteleze kila ukipanda mlima, na ushushe giaboksi upya. Zinunue pamoja, kutoka gari moja.

Wakati wa kuinua, usiache giaboksi ining'inie kwa shafti hata dakika moja. Inapinda klachi pleti. Jeki chini yake muda wote, na zile pini mbili fupi za kulengea ziwepo kwenye bloku. Zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele huku mwenzako akisukuma polepole. Meno yakikutana utaisikia ikiingia.

Mafuta ya giaboksi weka 80W-90 ya daraja la GL-4, yasiyoumiza shaba ya sinkronaiza, pete zinazolainisha kubadili gia. Starta ikikataa baada ya hapo, usiilaumu betri. Waya mbili zilizokuwa kwenye swichi ya automatiki ya P na N (Park na Neutral) zinangoja kuunganishwa.