Kabla hujajaza hiyo fomu ya utafiti wa kisukari

Mkuu, umeuliza kama ujaze fomu ya utafiti wa kisukari iliyorushwa kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, na kama majibu ya watu kujijazia wenyewe yana maana yoyote. Mimi naishi na sukari na fomu za aina hiyo nimeshajaza.

Maana ipo, ila mengi hayaonekani humo. Fomu niliyojaza ilitaka kipimo cha kila asubuhi kabla ya kula. Kwenye kikundi chetu kuna mama ambaye stripu za kupimia zikimwishia anaandika 6 tu, namba nzuri, maana fomu haikubali uruke swali. Mwingine akiamka na 14, sukari ikiwa juu sana, baada ya harusi, siku hiyo hajazi kabisa. Mtafiti akipiga wastani, sote tunaonekana wazima! Na hapo hujamgusa asiye na simu janja wala bando, ambaye pengine ndiye anayeumwa kutuzidi.

Hata hivyo sizidharau. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitangaza kwamba dawa ya lithiamu inapunguza kasi ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Wagonjwa hawakusubiri. Wakaanza kuimeza na kuandika maendeleo yao kwenye mtandao wa PatientsLikeMe. Wachambuzi wakachukua wagonjwa 149 walioimeza, wakamlinganisha kila mmoja na wenzake ambao hawakuitumia lakini ugonjwa wao ulikuwa ukienda kwa mwendo uleule tangu mwanzo. Matokeo yakatoka 2011: dawa haisaidii. Majaribio ya hospitalini nayo yakasema hivyohivyo. Kilichowabeba ni kumbukumbu za nyuma za kila mgonjwa. Fomu ya kujaza mara moja haina kitu hicho.

Lakini mtandao huohuo ulikuwa ukiuza taarifa za wanachama kwa kampuni za dawa, japo haukuficha. Na 2010 ukagundua kampuni ya utafiti wa masoko ya Nielsen inanakili kwa programu maandishi ya wanachama waliokuwa wakisimuliana matatizo yao ya kihisia. Hao hawakuombwa ruhusa na mtu.

Kwetu Tanzania utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndio wasimamizi wakuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sasa linki yako nimeifungua: ukurasa wa kwanza unadai namba ya NIDA na ya simu kabla hata ya swali moja la sukari, jina la mtafiti halipo, kibali hakitajwi, na hakuna palipoandikwa utajitoaje. Mimi hiyo sijazi.