Mwanangu hawezi kutazama jua

SWALI: Dada Muuguzi, shikamoo. Mwanangu wa darasa la pili ana ualbino. Mchana hafungui macho, machozi yanamtoka. Majirani wanasema ni mzimu, watu kama yeye hawafi, hutoweka tu. Nifanyeje?
Mama, Ujiji

JIBU: Marahaba, mama. Wakatalie mbele ya mtoto, asikie. Hakuna anayetoweka. Wenye ualbino hufa na kuzikwa kama sisi, na uvumi huo ndio unaowapa nguvu wauaji.

Rangi iliyo ndani ya jicho huzuia mwanga uliozidi. Yake ni kidogo, ndiyo maana mwanga unamuumiza. Ameirithi hali hii kwenu wote wawili, kwa hiyo usikubali kulaumiwa peke yako.

Avae pama, mikono mirefu na miwani ya jua. Ziwani mchunge zaidi: maji huakisi mwanga ukampiga kwa chini. Nimeshaona kidevu kilichobabuka wakati kofia iko kichwani! Losheni ya Kilisun, ya kukinga ngozi na jua, hutengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino. Iulizie kliniki ya ngozi. Darasani akae mbele, dirisha likiwa mgongoni. Kidonda kisichopona usikipake dawa za mtaani, mpeleke hospitali mapema, maana saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika.