Maswali ya Wasomaji: Je, Sholay Itengenezwe Upya?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tuna ubishi usiokwisha. Yeye anasema Sholay, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyopendwa mno na wazazi wetu, ni ndefu na imechakaa, kwa hiyo itengenezwe upya kwa kamera na mitambo ya leo na ipewe waigizaji wanaovuma. Mimi naona kufanya hivyo ni kuivunjia heshima, ila nikidaiwa sababu sina la kujibu zaidi ya kwamba naipenda. Je, zipo filamu ambazo kweli hazifai kurudiwa, au ni mapenzi ya utotoni tu yanayotusemesha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Zipo, ndugu yangu, na mimi Sholay naitaja kabla ya nyingine zote. Sababu zake zimo ndani ya filamu yenyewe, wala huhitaji kuegemea mapenzi ya utotoni ili kuzitetea. Isitoshe, hilo analolitaka mdogo wako lilikwisha kufanywa mwaka 2007, na matokeo yake tuliyaona.

Ni kweli kwamba Sholay haikuzuka patupu. Salim Khan na Javed Akhtar, walioiandika, walichota wazo la kijiji kinachotafuta wapiganaji wa kukilinda na majambazi kutoka Seven Samurai, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, na yale mauaji ya familia ya Thakur, mmoja wa wahusika wakuu, yanafanana waziwazi na tukio lililomo katika Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone. Lakini walipokwisha kuchota, walijenga kijiji chao wenyewe, Ramgarh, kilichozungukwa na majabali ya Ramanagara katika jimbo la Karnataka ambako mwongozaji Ramesh Sippy alipigia picha zake. Ramgarh hakina umeme, wala hakuna polisi wa kukimbiliwa. Thakur Baldev Singh, ambaye aliwahi kuwa ofisa wa polisi na ambaye jambazi Gabbar Singh amemkata mikono yote miwili, anawakodi Jai na Veeru, wahalifu wadogo aliowahi kuwatia mbaroni yeye mwenyewe, kwa sababu sheria aliyoitumikia haifiki huko aliko adui yake. Hadithi nzima imesimama juu ya upweke huo wa kijiji. Mkumbushe mdogo wako lile onyesho la jioni ambapo Radha, mjane kijana, anapunguza taa za barazani moja baada ya nyingine huku Jai ameketi upande wa pili akipuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani hata neno moja, na tayari mtazamaji ameshajua kwamba wanapendana na kwamba mapenzi hayo yana vikwazo vizito. Onyesho hilo haliwezekani katika nyumba yenye swichi ukutani.

Kisha kuna Gabbar mwenyewe. Anapoingia kwa mara ya kwanza tunaanza kuona buti zake zikikanyaga mwamba na mkanda wake ukiburuzwa juu ya mawe, na sauti yake inatufikia kabla hatujaonyeshwa uso. Anawauliza watu wake waliorudi mikono mitupu kwamba maadui walikuwa wangapi, na swali hilo fupi likawa miongoni mwa maneno yanayokaririwa kuliko yote katika sinema ya India, hata mazungumzo ya filamu hiyo yakauzwa katika santuri kama zinavyouzwa nyimbo. Aliyempa Gabbar uhai, Amjad Khan, alikuwa hajulikani sana wakati huo. Nafasi ile ilikuwa ya Danny Denzongpa, ambaye aliikosa kwa kuwa alikuwa amejifunga kwa filamu nyingine iliyopigwa Afghanistan. Mtazamaji wa mwaka 1975 alikutana na jambazi asiyekuwa na historia yoyote kichwani mwake, na hofu aliyoipata ilitokana na ugeni huo. Leo ukimchukua mwigizaji anayevuma ukamvika nguo za Gabbar, mtazamaji atamwona huyo anayevuma.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007. Ram Gopal Varma, mwongozaji ambaye kwa filamu yake Satya ya mwaka 1998 alikwisha kuonyesha kwamba anaijua kazi yake barabara, alitengeneza upya Sholay akaipa jina la Ram Gopal Varma Ki Aag, na nafasi ya jambazi akampa Amitabh Bachchan, yule yule aliyekuwa Jai. Kipaji hakikukosekana, wala jina kubwa. Lakini alikihamisha kisa kutoka Ramgarh akakipeleka Mumbai, jiji lenye polisi kila upande, na ule ulazima wa kukodi wahalifu wawili ukafifia. Badala ya mikono ya Thakur, vikakatwa vidole tu. Filamu ikaanguka vibaya, wahakiki wakaishutumu kwa maneno makali, na familia ya Sippy ikaenda mahakamani kudai haki zake, ambako mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Delhi iliamuru upande wa Varma ulipe rupia milioni 1. Kwangu mimi kesi si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba mtu mwenye uwezo kama wake alipokitoa kisa hiki mahali pake hakubakiwa na kitu cha kukishikilia.

Kuhusu urefu, ni kweli kwamba inazidi saa tatu. Hata hivyo, kifo cha Jai kisingetuuma namna ile kama tusingepewa muda wa kucheka naye na Veeru juu ya pikipiki yao, wala ukimya wa Radha usingetugusa kama tusingemsikiliza kwanza Basanti, mpenzi wa Veeru, akiongea bila kupumua.

SWALI: Mhariri, mnapenda kusema kwamba filamu za zamani zisiguswe, lakini Mother India yenyewe ni marudio, na Ben-Hur tunayoijua ni marudio pia. Don ya Shah Rukh Khan niliifurahia kuliko hata ile ya kwanza. Sasa mnatumia kipimo gani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni swali zuri, na mifano yako ni ya kweli yote. Kipimo changu ni kuangalia kama anayerudia ana jambo la kusema ambalo yule wa kwanza hakulisema au hakuweza kulisema.

Mehboob Khan alitengeneza Aurat mwaka 1940, India ikiwa bado chini ya Waingereza. Aliporudi kwenye kisa hicho hicho mwaka 1957 akakiita Mother India, nchi yake ilikuwa na miaka 10 ya uhuru, na mama yule mkulima anayeteswa na mkopeshaji alikuwa amebeba maana ambayo mwaka 1940 isingewezekana: filamu inafunguka kwa kumwonyesha akiwa mzee anayeombwa kuzindua mfereji wa maji. Kisa ni kimoja, ila swali linaloulizwa ni jingine. Ben-Hur ya mwaka 1925 ilikuwa filamu bubu, hivyo William Wyler mwaka 1959 alikuwa na sauti ya kuiongezea, akaondoka na tuzo 11 za Oscar. Waliokuja mwaka 2016 hawakuwa na cha kuongeza, na filamu yao ilipita bila kishindo.

Don ya mwaka 2006 naiweka upande wa Mother India. Farhan Akhtar, mwana wa Javed Akhtar aliyeshiriki kuiandika ile ya mwaka 1978, aliyajua matarajio ya watazamaji akayatumia kuwatega: wale waliokaa wakingoja mwisho wanaoujua waligundua kwamba mtu waliyekuwa wakimshangilia siye waliyemdhania. Watu wa Mombasa hamhitaji kufundishwa jambo hili, kwani mlikuwa na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyeyachukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi akayaimbia mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo, na nani leo atamwita mwigaji?

Mfano wa kinyume ni Psycho. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia filamu hiyo ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha, akaiongezea rangi. Kamera ikasimama palepale, maneno yakawa yaleyale, na hofu haikuja. Hitchcock alikuwa amewataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, kwa sababu nguvu ya filamu ile ilikuwa katika kumuua mhusika mkuu mapema, akiwa bafuni, wakati mtazamaji ameshatulia akidhani ndiye atakayeandamana naye hadi mwisho. Mwaka 1998 hapakuwa na aliyekuwa hajasikia habari za lile bafu. Mshtuko wa namna hiyo hutolewa mara moja tu, na filamu iliyojengwa juu yake haina njia ya kurudiwa.

SWALI: Kama kurudia hakufai, je, kuendeleza? Ningependa kuona watoto wa Veeru na Basanti wakipambana na mtoto wa Gabbar.
Msomaji, Muscat

JIBU: Naelewa hamu yako, lakini naomba wasifanye hivyo. Gabbar anatisha kwa sababu hatujaonyeshwa nyumba yake, mke wake wala mtoto wake. Akishapewa ukoo atapunguka na kuwa mhalifu kama wahalifu wengine. Jai naye amekufa, na Radha amefunga dirisha lake. Atakayewaendeleza wanaobaki ataendeleza nusu isiyo na uzito.

Casablanca ya mwaka 1942 ilipata mtihani kama huo. Mafanikio yake yaliifanya studio ya Warner kupanga mwendelezo uliokusudiwa kuitwa Brazzaville, mji ambao Kapteni Renault, mmoja wa wahusika, anautaja mwishoni, lakini mpango huo ukaachwa, na nadhani uamuzi huo uliinusuru filamu. Rick, mhusika mkuu, anamwachia mwanamke anayempenda apande ndege na mumewe, na thamani ya tendo hilo ni kwamba hatarudishiwa chochote. Siku akimwona tena, hata kwa dakika moja, tendo lile linakuwa mkopo. Baadaye ilijaribiwa kufanywa tamthilia ya televisheni, mwaka 1955 na tena 1983, na mara zote mbili haikudumu.

Ikiwa unataka Sholay zaidi, ipo usiyoiona. Katika mwisho walioupiga awali, Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari, kisha analia, maana kisasi kimekwisha na mikono haikurudi. Hayo yalikuwa ya mwaka 1975, India ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Juni, na bodi ya ukaguzi haikukubali aliyekuwa ofisa wa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo ukapigwa mwisho mwingine ambao polisi wanafika na kumzuia, na huo ndio wengi wetu tulioukuta. Mwaka 2025 shirika la Film Heritage Foundation na familia ya Sippy waliikarabati filamu, wakaurudisha ule mwisho wa kwanza, na kuionyesha katika tamasha la Bologna nchini Italia. Fedha ambazo mtu angezitumia kwa mtoto wa Gabbar naomba zitumike kwa kazi ya namna hiyo. Ukipata nafasi ya kuitazama nakala hiyo, itazame katika jumba lenye turubai kubwa, kwa kuwa Sippy aliitoa katika utepe mpana wa milimita 70, na majabali ya Ramgarh hayaenei katika simu.