Kondomu iliyokaa msimu mzima kwenye pochi, na maswali mengine kutoka Kusini

Korosho zimeanza kulipwa na gesti zinajaa, basi na maswali yenu yamenijia kwa wingi, karibu yote kuhusu kitu kimoja. Nimechukua haya.

Nina kondomu kwenye pochi tangu msimu wa korosho uliopita. Tarehe yake bado. Ni nzima? *Bodaboda, Masasi*

Kaka, tarehe ile ni ya kondomu iliyotunzwa, siyo iliyokaliwa mwaka mzima juu ya siti ya pikipiki. Mpira unaharibiwa na joto, jua na msuguano, na mfuko wako wa nyuma una vyote hivyo. Itupe. Akiba yako ikae nyumbani, ndani ya kabati au sanduku, mbali na bati. Ukitoka beba ya siku hiyo tu, mfuko wa shati.

Na kabla hujaifungua, ishike pakiti kwa vidole viwili uibonyeze katikati. Lazima usikie hewa kidogo ikihama ndani, kama mto mdogo. Ikilala bapa, ina tundu. Kondomu isukume pembeni, kisha chana kwa mkono. Nimeshaambiwa "ilipasuka yenyewe" na mtu aliyechana kwa meno, tena bila haya. Bana ile chuchu ya mbele ili hewa itoke, halafu kunjua mpaka shinani. Ikigoma kukunjuka, umeiweka kinyume. Usiigeuze, maana upande uliokugusa ndio utakaoingia kwa mwenzio, chukua nyingine. Ukimaliza toka mapema, uume haujalegea, huku umeshikilia ile pete ya chini. Funga fundo, viringisha kwenye karatasi, tupa chooni cha shimo.

Siku hizi nakuwa mkavu, tunapaka mafuta ya nazi. Kuna ubaya na kondomu? *Mama wa miaka 51, Lindi*

Upo, mama. Mafuta ya nazi, ya ufuta, Vaseline, losheni ya mtoto, yote hulegeza mpira kwa dakika chache tu, na hutaona kwa macho mpaka ipasuke. Ulizia duka la dawa kilainishi cha maji. Au tumia kondomu ya kike: zile ambazo hazikutengenezwa kwa mpira wa kawaida hazidhuriwi na mafuta, ila soma pakiti kwanza. Ukavu wenyewe katika umri wako ni jambo la kawaida na una tiba. Umweleze mhudumu wa afya, usiuvumilie kimyakimya.

Mimi nimepita jandoni. Wakubwa wanasema aliyetahiriwa hashikwi na ugonjwa. Kondomu ya nini tena? *Kijana wa miaka 24, Newala*

Jando sina ugomvi nalo, na wakubwa hao hawakudanganya chote. Tafiti tatu kubwa zilizofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka kati ya 2005 na 2007, zilionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa anapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Sasa nikuulize: paa linalozuia matone sita kati ya kumi, ungelala chini yake masika bila kusogeza kitanda?

Kuna jingine. Tafiti zile zilihusu govi lililoondolewa lote, na wataalamu. Ngariba wengine huacha sehemu, na kinga hiyo hatuwezi kuihesabu sawasawa na ile. Kisonono, klamidia na kaswende ndizo kabisa, usizitegemee zikupishe kwa sababu ya kovu la jandoni. Na mwenzio je? Asilimia 60 ni yako wewe, si yake. Kwa hiyo vaa.

Mume wangu hushinda Mtwara mjini wakati wa minada. Akirudi nikitaja kondomu ananiuliza, "Umepata bwana?" Nifanyeje? *Mke, Tandahimba*

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu. Neno moja la kumlainisha kila mwanamume sinalo. Wanawake wengi huanzia kwenye uzazi: "Sitaki mimba nyingine sasa hivi, na vidonge vinanisumbua." Kama ndivyo ilivyo kwako si uongo, maana kondomu ni njia ya uzazi wa mpango pia, na hapo hakuna anayeshtakiwa. Chagua saa ya kulisema, mchana mmekaa, si usiku taa imezimwa.

Kondomu ya kike unaivaa mwenyewe, hata saa kadhaa kabla. Pete ya ndani unaibana iwe kama namba nane, unaisukuma mpaka ndani kabisa. Pete ya nje inabaki nje. Ataiona, sikufichi, lakini hahitaji kuvaa chochote, na wapo wanaume ambao ugomvi wao wote ulikuwa hapo. Mkaribishe pia mkapime pamoja. Akifikia kukupiga au kukulazimisha, hilo si suala la kondomu tena, nenda dawati la jinsia polisi, na zahanati wakutazame.

Je, nikivaa mbili? *Bila jina, Nachingwea*

Zitasuguana zipasuke. Moja. Wala usichanganye ya kiume na ya kike.

Imepasuka juzi usiku, na mwenzangu simjui hali yake. *Mwanamke, Kilwa Masoko*

Ukisoma hapa saa zako zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Nenda leo hospitali au kituo cha afya chenye kliniki ya dawa za VVU, sema tu "kondomu ilipasuka". Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini nguvu yake hupungua kila siku. Usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu, utajichubua na kuvifungulia virusi mlango. Kapime na magonjwa mengine, hata bila dalili.

Navaa kila mara, mbona nimepata masundosundo? *Fundi, Mtwara mjini*

Kondomu inalinda inapofunika. Kirusi cha masundosundo, na malengelenge ya sehemu za siri, hukaa hata kwenye ngozi ya pembeni. Kondomu hupunguza hatari, haiifuti. Njoo utibiwe, vinyama hivyo usivikate wala kuvichoma mwenyewe. Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inayosababishwa na jamii hiyohiyo ya virusi, ni bure.

Duka pekee kijijini kwetu ni la baba mkwe. Nanunuaje? *Bila jina, Nanyumbu*

Hununui. Siku unapopeleka mtoto kliniki pitia dirishani zahanati, uchukue za mwezi mzima, bure. Baba mkwe utamnunulia chumvi.