Barua kwa mwanangu: ule ubeti wa nne

Mwanangu,

Umeniuliza kama Schubert, mtunzi wa muziki, alikuwa na haki ya kukata ubeti wa nne, ule wa mwisho, wa shairi la yule mshairi Schubart kwenye Die Forelle, ule wimbo wa samaki wa 1817, maana mwalimu wako wa uimbaji kasema ni kumdhulumu mshairi. Nitakujibu, ila kwanza piano, coz siku zote nawaambia, nyimbo hizi shairi linakaa mikononi mwa mpiga piano kabla halijafika mdomoni mwa mwimbaji.

Angalia mkono wa kulia. Zile noti sita sita zinazopanda haraka ni maji na samaki kwa pamoja, na beti mbili nzima zinaenda hivyo hivyo. Ubeti wa tatu mvuvi anachoka kusubiri, anayavuruga maji samaki asione, na hapo piano inaacha kuruka, zinakuja noti nzito za kurudiarudia, wimbo wote unaingia giza. Halafu ndoano inanasa, na maji yanarudi! Noti zile zile, laini, wakati msimulizi anamtazama samaki aliyedanganywa. Pale mwili hunisisimka kila nikipiga.

Sasa huo ubeti wa nne ni wa kuwaonya wasichana wajihadhari na wanaume wenye ndoano. Ile mahafali dada yako alipoimba si unaikumbuka, mkuu wa shule akasimama hata vidole vyangu havijatoka kwenye piano, akausoma kwa Kiswahili, eti wasichana wapate funzo, ukumbi mzima ukacheka na mwanangu kasimama pale mbele anavuta vuta mkono wa gauni. Inaniuma mpaka leo. Watu walikuwa wametulia wanamwonea huruma samaki jamani, ikageuzwa kikao cha nidhamu.

Lakini tena nabishana na nafsi yangu. Schubart hakuandika akiwa anapunga upepo mtoni. 1777 alidanganywa mpaka akaingia ardhi ya mtawala wa Württemberg, huko Ujerumani, akakamatwa, akafungwa miaka 10 kwenye ngome ya Hohenasperg bila kesi yoyote, na shairi hili kaliandika humo humo kifungoni. Kwahiyo huyo aliyevurugiwa maji anaweza kuwa yeye mwenyewe, na ule ubeti wa wasichana labda ndo shuka alilojifunika wakubwa wasishtuke. Ukiukata, umemfunua au umemnyang'anya? Baba yako atasema mshairi aheshimiwe neno kwa neno, si mnamjua. Mimi jibu ninalo, linaniwasha mdomoni kweli kweli, ila wewe ndo unaenda kuuimba, sitaki uingie na masikio yangu.

Piga ubeti wa tatu polepole, mkono wa kulia peke yake, uishie pale maji yanaporudi. Halafu nipigie, usinitumie meseji, uniambie kama bado ulikuwa unasubiri mtu aongeze neno.

Mama